Mlango Nilioufunga Mwaka wa Njaa

Mungaa

Mwanangu Naomi,

Nimeianza barua hii mchana, ulipotoka kwenda kuwaaga watu, maana mkono wangu siku hizi huandika kidogo, kisha huomba kupumzika. Nikimaliza nitaiweka katika mkunjo wa blanketi lako, ulilolikunja hapa karibu na kitanda changu. Utaikuta Manyoni, utakapolitandaza kungojea gari moshi. Sitaki uisome hapa nyumbani. Ukiisoma hapa, ama utaahirisha safari, ama utaondoka bila kuniaga, na katika hayo mawili sina nguvu ya kubeba hata moja.

Habari za njia, za chakula na za watu wa mjini umekwisha kuambiwa na kila mtu. Shangazi yako amekuambia mara nyingi hata wewe umeanza kumwitikia kabla hajamaliza. Mimi sitaongeza. Kazi ya uuguzi unayokwenda kujifunza siijui, na hao watakaokufundisha wataijua. Nina jambo moja tu, nami nimelikalia muda mrefu mno.

Juzi ulipokuwa unanisugua mgongo kwa mafuta, uliniambia, "Baba, nikiondoka usiniombee."

Nikadhani unanitania. Nikasema, "Kwa nini, mwanangu? Mzee asiye na ng'ombe atakupa nini kingine?"

"Nilimwombea Yohana," ukasema. "Kule kwa shangazi Iguguno, asubuhi na jioni. Hata kisimani nilipiga magoti, watoto wenzangu wakanicheka mpaka mtungi ukaniponyoka. Wewe ndiye uliyeniambia Mungu humsikia mtoto upesi kuliko mkubwa. Basi alinisikia, akanyamaza. Mimi sitamsumbua tena, naye asinisumbue."

Kisha ukaniambia nigeuke upande wa pili, ukaendelea kusugua. Hukuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Ulisema kama mtu anayesema kisima fulani kimekauka, tusipoteze safari kwenda huko.

Naomi, nilikuwa na jibu mdomoni. Ninalo tangu ulipokuwa mtoto wa kupanguswa kamasi. Sikulitoa. Nilisema tu, "Usiongee hivyo," kama nilivyozoea kuwaambia wanafunzi. Usiku huo kifua kilinibana, nikaona kwamba huenda nikafa na jibu lile, nawe ukaenda kukaa kando ya vitanda vya wagonjwa maisha yako yote ukiamini kwamba mbinguni hakuna mtu nyumbani. Na aliyekufanya uamini hivyo si Mungu. Ni mimi.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Nisaidie kwa kusoma mpaka mwisho.

Mwaka ule wa njaa, mvua za vuli zilitupita na za masika nazo zikatupita. Uwele ulichomoza, ukafika magotini, ukakauka umesimama. Ng'ombe walikufa kwanza, wakafuata mbuzi, watu wakaanza kuchimba mizizi kule mawe makubwa yalipo. Wewe tulikupeleka Iguguno kwa shangazi yako kwa sababu shamba la mumewe lilikuwa karibu na mto na walipata kidogo. Ulilia, ukataka mdogo wako Yohana naye aende. Nikakuambia hawezi kutembea njia ile yote, na kwamba utamsaidia zaidi kwa kumwombea. Hayo unayakumbuka.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni na mhubiri wa siku ya Bwana. Nilikuwa na kanzu nyeupe, viatu, na meza ya mbao. Katika vilima hivi vyote hakuna Mnyaturu aliyesoma kama mimi wakati ule, na usidhani nilikuwa sijui. Mkubwa wa misheni alikuwa ametuahidi lori la mahindi kwa ajili ya walimu. Kila asubuhi nilisimama kwenye kiinuko nikatazama barabara ya Singida. Niliwaambia watu kanisani, "Mungu hawaachi walio wake. Msaada uko njiani." Nilisema kwa moyo wote. Nilikuwa nimekwisha kumchagulia Mungu njia ya kupita. Apite barabarani, ndani ya lori, pamoja na karatasi yenye jina langu.

Yohana alikuwa ameachishwa ziwa muda si mrefu. Unamkumbuka akicheka, kwa hiyo sitakuandikia alivyokuwa baadaye. Mama yako alikuwa akimchemshia majani na kumnywesha yale maji. Nikamwambia, "Vumilia, lori linakuja." Akaniuliza, "Limefika wapi hata sasa?" Nikarudi kwenye kiinuko kutazama barabara.

Wazee wa upande wa mlimani wakakubaliana kutoa tambiko la mvua. Mzee Ntandu, mume wa Mama Senge, ndiye aliyetoa kondoo mweusi, na alikuwa kondoo wake wa mwisho. Nilikwenda kuwakataza. Nilisimama mbele yao na kanzu yangu nikawaambia wanamchokoza Mungu. Mzee Ntandu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, wewe omba kwa upande wako, sisi tuombe kwa upande wetu. Ikinyesha, hatutagombea ni ya nani. Utuletee jembe tu." Watu wakacheka. Njaa ilikuwa kali, lakini walicheka. Nikaondoka nimekasirika.

Jioni, Mama Senge akabisha hodi. Kwa desturi ya mlima ule, nyama ya kondoo wa mvua hailazwi mpaka asubuhi, nayo hugawiwa kwanza nyumba zenye watoto wadogo. Alikuwa amebeba kikapu. Ndani yake kulikuwa na nyama, na chini yake unga wa uwele uliofungwa kwenye kitambaa.

Nikamwuliza, "Hii ni nyama gani?"

"Mwalimu, unajua ni nyama gani."

"Basi irudishe. Nyumba hii haili chakula cha mizimu."

Akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu, mama yako alipokuwa amesimama na mtoto begani. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwongelesha ng'ombe mwoga, "Vema. Nyama nitairudisha. Chukua unga. Unga si wa tambiko, nimeusaga mwenyewe kwa mkono huu. Mfanyie mtoto uji."

Naomi, hapo ndipo penyewe. Ningesema niliukataa unga kwa ajili ya imani, watu wangeniheshimu, na kwa miaka mingi hivyo ndivyo nilivyojiambia. Si kweli. Nilijua kabisa kwamba unga ule hauna kosa. Lakini ulikuwa katika kikapu kimoja na ile nyama, na watu walikuwa wamemwona Mama Senge akishuka mlimani na kikapu kile kuja kwangu. Mwaka uliotangulia, mwalimu mmoja alifukuzwa kazi kwa kuonekana tu kwenye pombe ya mizimu ya baba yake. Nikaiwaza kanzu. Nikaiwaza meza. Nikawaza lori likija na jina langu limefutwa. Nilimwogopa mkubwa wa misheni, nikaita woga ule kumcha Mungu.

Nikasema, "Vyote. Rudisha vyote."

Mama yako akasema kwa Kinyaturu neno ambalo sikupata kulisikia kwake kabla wala baada ya siku ile, na sitaliandika. Mama Senge alipokwisha kuondoka, mama yako alijitanda nguo, akamfunga Yohana mgongoni, akaja mlangoni. Alikuwa anamfuata. Mimi nikaweka gogo la kufungia mlango, nikakaa nimeliegemea. Nikafungua kitabu cha sala nikaanza kusoma kwa sauti, ili nisimsikie.

Akaniomba. Mama yako, ambaye hakupata kuniomba kitu, aliniomba. Nilisoma kwa sauti zaidi.

Yohana alifariki siku chache baadaye, karibu na alfajiri, bila kelele.

Sijui kama unga ule ungemwokoa. Labda alikuwa amekwisha kufika mbali. Lakini Hango, kitinda mimba wa Mama Senge, alizaliwa msimu mmoja na Yohana, na alikuwa na tumbo lile lile na miguu ile ile. Yeye alikula. Sasa ni kijana, anapita na ng'ombe hapo nje akipiga mluzi, na kila apitapo najua Yohana angekuwa na urefu gani.

Katika maziko, Gwau, mtani wa ukoo wetu, alikuja kufanya utani wake kama desturi inavyotaka. Alisimama juu ya kaburi kabla halijafukiwa, akaokota bonge la udongo, akalionja kwa ulimi. Akasema, "Jamani, ni mtamu! Ndiyo maana mwalimu alikataa nyama. Alikuwa anamwekea mwanawe nafasi ya udongo huu."

Watu wakacheka, maana neno la mtani lazima lichekwe, na aliyefiwa hana ruhusa ya kukasirika. Mimi nami nilicheka. Nilicheka mbele ya mama yako. Na kwa desturi yetu, neno la mtani likizikwa na maiti halifukuliwi tena. Ndiyo sababu katika miaka hii yote hakuna mtu wa Mungaa aliyekunong'oneza. Walinihifadhi, Naomi. Wale niliowaita watu wa giza walinihifadhi.

Lori lilikuja baada ya matanga. Mahindi yalikuwa mengi, na karatasi yenye jina langu ilikuwepo. Mvua nayo ikanyesha, ikanyesha mpaka paa la tembe likavuja. Mzee Ntandu alipita mlangoni, akanitazama, hakusema habari ya kondoo. Alisema, "Mwalimu, leta jembe." Na siku ya Bwana mimi nikasimama nikahubiri kwamba mvua imeletwa na maombi ya waamini.

Ukarudi kutoka Iguguno. Ulipitia kisimani kwanza ukajaza mtungi, ukauingiza ndani ukiita, "Yohana! Yohana!" Nikakuketisha juu ya ile meza yangu nikakuambia Mungu amempenda zaidi, amemchukua. Ukaniuliza, "Kwani nilimwombea vibaya?" Nikasema, "Mapenzi yake hayachunguzwi." Mama yako alikuwa amesimama jikoni, akanisikia. Hakunikana mbele yako. Lakini tangu siku ile mpaka tulipomzika hakufunga mlango wa nyumba hii mchana, wala hakuruhusu ufungwe. Unakumbuka tulivyogombana? Mbuzi waliingia wakala daftari zangu. Kuku walitagia kitandani. Wewe ulikuwa ukicheka na kusema mama hapendi giza. Sasa unajua alikuwa anafanya nini. Alikuwa anangoja mtu mwingine abishe hodi, asikute gogo.

Nikaendelea kuwa mwalimu. Nilifundisha habari za yule nabii wa zamani aliyejificha kando ya kijito wakati wa ukame, kunguru wakamletea nyama. Nimeifundisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Wewe mwenyewe uliisoma mbele ya darasa, ukapiga mbawa kwa mikono yako watoto wakashangilia. Na mimi nilisimama pale na chaki, nikijua ya kuwa kunguru ni ndege najisi, alaye mizoga, na ya kuwa nabii hakumwuliza nyama umeitoa wapi. Alikula. Nilijua. Nikafuta ubao.

Nimepumzika kidogo, nimerudi. Jua limeshuka nyuma ya mawe, nakusikia unaongea na watu njiani. Nitafupisha.

Nilitaka kukuandikia kwamba nimepata amani. Baba anayemwandikia mtoto barua ya mwisho hutakiwa aseme hivyo. Sina. Ninapoomba, maneno yananirudia usoni kama moshi wa kuni mbichi. Ninaogopa kufa. Ninaogopa kwamba nitabisha na nitasikia mtu ndani anasoma kwa sauti ili asinisikie. Mtu aliyeomba mbele za watu miaka yote hii, leo sijui nianzie wapi. Lililobaki kwangu ni kusema "Nisaidie," basi, kama mtoto aliyetumbukia majini. Ninalisema mara nyingi. Sijui kama ni sala.

Lakini kuna jambo moja, nalo ndilo lililonipa ujasiri wa kushika kalamu.

Unajua Mama Senge ananiletea uji kila asubuhi tangu miguu iliponikataa. Umezoea kumpokea, hukuona ajabu. Mimi kila asubuhi nimeunywa uji ule kama mtu anayemeza kaa la moto. Juma lililopita, ulipokuwa umekwenda mtoni kufua, nilishindwa. Nikamwambia, "Mama Senge, unakumbuka kile kikapu?"

Akasema, "Kunywa uji, unapoa."

"Unakikumbuka?"

"Nakikumbuka. Kondoo alikuwa na mafuta, si haba. Tulikula fungu lenu. Ntandu alisema mwalimu ametufanyia karamu." Akacheka na pengo lake, kisha akaacha kucheka. "Nakumbuka na macho ya yule mtoto."

Nikamwuliza, "Sasa kwa nini unaniletea uji?"

"Nikuache ufe? Barua za mwanangu Senge kutoka mashamba ya mkonge atanisomea nani? Huyu Naomi anaondoka, na Hango ulimfundisha wewe mwenyewe, hajui kusoma hata jina lake."

"Nakuuliza kweli, Mama Senge."

Akakaa kwenye kigoda. Kisha akasema, "Siku ile, Mwalimu, sikutumwa na Ntandu. Fungu lenu lilikuwa limekwisha kupewa nyumba nyingine, kwa kuwa ulitutukana. Nilikuwa nasaga, nikamsikia mtoto wako analia kwa mbali, ile sauti nyembamba. Kitu kikaniambia, simama. Nikakikatalia. Kikaniambia tena, simama. Nikaenda nikamnyang'anya mwanamke wa nyumba hiyo fungu lenu, tukagombana, nikatia unga wangu chini, nikaja. Mpaka leo sijui ni nani aliyeniambia. Mizimu yetu haina habari na watoto wa misheni."

Nikaweka bakuli chini. Nikamwuliza ilikuwa saa gani. Akasema jua lilikuwa linaingia, wakati wa kina mama kuteka maji ya jioni.

Naomi, mwanangu. Wakati wa kuteka maji ya jioni wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa kisimani Iguguno umepiga magoti, watoto wanakucheka.

Mimi si mtu wa kufasiri siri za Mungu tena. Nimefasiri vya kutosha na mmoja amelala chini ya udongo. Lakini hili siwezi kufa nalo. Uliomba, na mwanamke asiyejua hata jina la Yule uliyemwomba akasimama kutoka kwenye jiwe la kusagia. Akagombana na watu kwa ajili ya ndugu yako. Akabeba kikapu, akashuka mlimani, akafika mpaka mlangoni. Hukunyamaziwa. Ulijibiwa siku ile ile, jibu likabisha hodi, na baba yako akalifukuza.

Nichukie mimi. Hiyo ni haki yako na sitakuomba uiache, wala usinisamehe kwa sababu nimezeeka. Lakini usiipeleke hasira hiyo kwa asiyehusika. Utakaa na wagonjwa. Zitakuja siku dawa zimekwisha, mkubwa wako hayupo, na mtoto wa mtu anaisha mikononi mwako kama Yohana. Siku hiyo, ukishindwa kusema sala ndefu, sema lile neno langu moja. Kisha usitazame barabara kama nilivyoitazama mimi. Tazama mlango, na mtu yeyote atakayeingia na chochote mkononi, mpokee.

Umefika. Nakusikia unamwamkia Mama Senge hapo nje, naye anakuuliza kama umesahau kuchukua kitana, kwa kuwa huko uendako wanawake hawana nywele kama zetu. Unacheka. Nimefurahi kuisikia sauti hiyo.

Kesho lori litapiga honi kabla hakujapambazuka vizuri. Utakuja kuniamkia, nami nitaitikia, na huenda nisiweze kusema zaidi, maana kifua ni kile unachokijua. Nitakuambia jambo moja tu: ukitoka, usifunge mlango. Utaniambia kuna baridi, utaniambia mbuzi wataingia. Nitasema uache wazi. Utafikiri ni uzee, na utaniachia wazi ili kuniridhisha.

Sasa, hapo ulipo Manyoni, umejua kwa nini. Mimi siwezi tena kuinuka kumfungulia mtu, na asubuhi kuna mama anakuja na uji.

Ni mimi baba yako, ambaye bado anakuombea, hata kama ulimkataza.